Beseni la Meneja

Alisimama wima kama askari wa lindo,
mkia chini, tumbo limejaa,
joto lake likinipita hadi kwenye viganja.
Siku tatu hakukagua chochote.
Ndiyo maana tulimwita Meneja: kila asubuhi
alizunguka ua, ungedhani ana mikono nyuma,
akitazama ndoo, kuni, viatu vyangu,
kana kwamba kuna kilichoibwa zamu ya usiku.

Thembo wa mifugo alipanda kutoka Kasese kwa pikipiki,
akavaa glavu, akapapasa, akanusa kidole.
"Mrija wa mayai umeingia uchafu," akasema.
"Yai limevunjikia ndani, au halikuwahi kuwa yai."
Dawa elfu arobaini.
Kuku mwenyewe, sokoni, thelathini, tena akiwa mzima.
Jirani yangu Mbusa alicheka hadi akashika ukuta:
"Mchinje, mzee, kabla hajajichinja mwenyewe."

Nililipa.

Basi kila jioni nikawa nachemsha maji.
Si moto wa chai, moto wa kiwiko,
wanavyopima maji ya kumwogesha mtoto.
Chumvi kijiko kimoja, beseni la kijani lenye ufa ukingoni.
Ninamshika chini ya mbawa, ninamshusha polepole
hadi maji yamfike kiunoni, kama kuku ana kiuno.
Kwanza anagoma. Kisha anafumba macho,
ukope ule unaopanda kutoka chini,
na uzito wake wote ananiachia mimi.
Nje, Nyamwamba inaburuta mawe yake gizani.
Umeme umekatika. Hatuna haraka.

Mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura, sawa,
lakini kumeza dawa hufunzwa:
nusu kidonge ndani ya tonge la bundu,
na kidole changu kikisugua koo
mpaka lishuke.

Siku ya sita akatoa kitu.
Si yai. Kigumu kama mpira, cha manjano,
na nilipokikata kwa wembe, tabaka juu ya tabaka,
kama kitunguu kilichochemshwa kikasahaulika,
na harufu iliyonikimbiza hadi migombani.
Nikakizika. Nikarudi, nikanawa mara mbili.
Kabugho alikuwa amesimama mlangoni.

Mke wangu si msemaji. Akasema:
"Mwaka ule mimi pia ilikuwa mrija.
Sista alinieleza kwa maneno yaleyale.
Wewe ulikuwa Mbarara na lori la saruji."
Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu
anayehesabu nguo kwenye kamba.

Nililikumbuka lori. Nilikumbuka namba yake,
na tairi la nyuma, kushoto,
lililonilaza Bushenyi siku mbili.
Sikukumbuka nani alimchemshia maji.
Nikauliza.
"Nilichemsha mwenyewe," akasema.
"Maji hayajui nani amewasha jiko."

Sasa Meneja anatembea. Hatagi.
Thembo anasema huenda asitage tena kamwe,
na Mbusa anauliza, basi anakula mahindi ya nani?
Yangu. Anakula yangu.
Leo asubuhi alifika mpaka kwenye viatu vyangu,
akavikagua, akadonoa kamba, akaendelea.

Jioni nikachemsha maji, mazoea tu.
Nikapima kwa kiwiko. Kumbe kuku ameshapanda kulala.
Beseni likabaki jikoni likitoa mvuke.
Kabugho akavuta kigoda, akavua kandambili,
akatia miguu, wa kulia, kisha, baada ya muda, wa kushoto.
"Chumvi imezidi," akasema.
Nikaenda kutafuta taulo.