Kanda ya Mzee Mazigo

Saa nne kasorobo napanda ngazi za studio
na chupa ya chai ya tangawizi.
Kipaza sauti nimekivika soksi ya mwanangu,
ambaye siku hizi ni baba wa watu;
bila soksi, kila P hunipasukia kama jipu.
Nje, juu ya majabali, korongo wamelala wamesimama,
na Lusato mlinzi amefungua redio yake ya betri
asikie kutoka hewani
kinachosemwa nyuma ya mgongo wake.

"Hii ni Nyuzi na Pumzi."
Miaka ishirini na sita nimelisema hilo.
Nimewapigia fidla za Ulaya wauguzi wa zamu kule Bugando,
wasaga unga, wenye majino yasiyowapa usingizi,
na mtu mmoja wa Igoma aliyeandika:
"Sielewi kitu, ila usiache."

Na wageni wangu.
Mwalimu Ng'wandu na fidla ya seminari
aliyoitia mshipi wa kuvulia sangara;
akapiga, akalowa jasho, akaomba tusirushe.
Bi Nyamizi wa kwaya ya Nyakato, ahesabuye mapigo kwa rula,
na sauti ya pili wanaijua ile rula.
Kijana mchora mabango ya saluni,
nikamuuliza: msanii ni nani?
"Ni yule anayedaiwa pesa za rangi."

Mzee Mazigo Bahitwa alivuka kutoka Nansio
na nanga yake ameiviringisha shuka
kama anayepeleka mtoto kliniki.
Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya hewani,
"Ina nyuzi ngapi?"
"Mmoja," akasema.
"Umerudi mara saba."

Feni niliizima. Alipiga dakika arobaini,
akiimba kwa Kikerewe habari za mtemi aliyekatazwa kucheka.
Nusu sikuielewa. Nilijiambia nitaielewa baadaye,
kanda si ipo.

Mwaka uliofuata ikaja karatasi, muhuri wa zambarau:
kanda mpya hakuna, zitumike zilizopo.
Mheshimiwa alikuwa anazindua kisima.
Nikanyoosha mkono rafuni, nikatwaa ya kwanza.
Sikusoma ubavuni.
Au nilisoma.
Ofisi iliagiza, ndiyo; kidole kilichobonyeza
kilikuwa changu.

Wanawe walipokuja, siku chache kabla ya arobaini yake,
wamevaa nguo za kanisani,
wameniletea furu wa kukausha, shukrani ya mapema,
niliwapa chai, nikasema: "Inatafutwa."
Sarufi ina maficho yake.
Inatafutwa. Na nani?
Furu nikawala.

Juzi, nikifagia rafu, niliiacha ile kanda iende mpaka mwisho.
Hotuba ikaisha. Makofi yakaisha.
Ukaja mchakacho kama mchele kwenye ungo,
kisha mimi, sauti changa, yenye haraka:
"Ahsante sana, mzee."
Kikohozi.
"Bado," akasema Mazigo,
akaugusa uzi mara moja,
kanda ikakatika.

Sekunde kumi na moja.

Leo sikuweka sinfonia.
Nimeyasema yote, kisima na furu na kidole,
na ulimi wangu, uliozoea majina ya Wajerumani,
ukajikwaa kwenye neno "nilifuta".
Kisha nikaweka zile sekunde.

Simu ikaita. Hakutaja jina.
Nyuma yake nilisikia redio
ikinirudishia pumzi zangu, zimechelewa kidogo.
"Rudia," akasema.
Nikarudia.
"Rudia."

Saa tano imegonga. Msoma habari yuko nyuma ya kioo,
karatasi mkononi, ananionyesha saa.
Nimemwinulia kidole, kile kile,
asubiri.