Ukoga

Mwaka wa saba huu nalala mdomo wazi.
Somoe anasema nakoroma kama bloa
ile ninayoibeba mgongoni kila Juni
nikipuliza salfa mikoroshoni, Kitangari hadi Mnyambe,
alfajiri, majani yangali na umande
ili unga ushike.
Unashika. Hata kwangu unashika.

Yalianza kama mafua. Kisha mafua yakahamia.
Uzito chini ya macho, kama nimefutikwa kokoto mashavuni;
nikiinama kufunga kiatu
kichwa kinataka kunitangulia chini.
Na usiku kamasi la kijani linashuka kooni
lina ladha ya senti ya zamani.

Vidonge nilimeza. Nani hakumeza?
Rangi mbili, nyekundu na nyeusi, duka la Nampota.
Siku tatu nikaona nafuu; vilivyobaki
nikamwekea shemeji, jino linamsumbua.
Ndivyo tunavyopendana huku.

Ndanda, maabara, Auleria Chilumba
alinitia kijiti cha pamba hadi nikaona nyota,
akasema, rudi Alhamisi.
Alhamisi akafunua kisahani:
vidoto vya njano, mviringo, vinang'aa,
njano ile ile ya salfa.
Nikasema, basi nimejipulizia mwenyewe.
Akacheka. "Huu si unga. Hawa wanaishi.

Bakteria. Wengine umo nao tangu unanyonya,
hawakuwa na neno, wageni wa barazani.
Vumbi likakuvimbisha, mlango ukaziba,
maji yakakosa njia, mapango ya uso wako
yakawa dimbwi. Ndipo wakajenga."

Wakajenga? Kwa udongo gani?

"Kwa ukoga. Kama wa mtungi usiosuguliwa.
Wanajifunika humo, wanalala.
Dawa inapita juu kama mvua juu ya bati,
inaua waliotoka kutembea.
Wa ndani wanangoja umalize dozi.
Na wewe hata humalizi."

Njia nzima ya kupanda Newala nilinyamaza.
Nilidhani naumwa; kumbe nimepangisha.
Na aliyekwisha ezeka haondoki kwa kelele.

Sasa kila asubuhi Somoe anachemsha maji,
anayapoza, anatia chumvi.
Nainama juu ya karai:
yanaingia tundu hili, yanatokea lile,
na watoto wa jirani wamejaa kama siku ya mnada.
Dozi nimemaliza, mpaka kidonge cha mwisho.
Bloa nimemwachia Mchopa. Nilimpa na barakoa.
Ameitundika mlangoni.

Sijapona, nisidanganye.
Ila juzi, ming'oko ikiwa motoni,
kitu kilinipita puani, chembamba,
nikasimama.
Si ming'oko.
Ni shati langu la kazi, pale msumarini,
miezi mitatu halijafuliwa,
linanuka salfa.
Nikalivuta usoni, nikalinusa tena
kama mtu anusaye utosi wa mwanawe.

Somoe akauliza, "Unalia?"
Nikamwambia, ni kamasi.