Moja Mara Tatu

Mbegu nilizikuta kwenye bahasha ya dawa,
ile ndogo ya kaki, ya dirishani hospitali,
jina limeandikwa kwa haraka: Aikande,
na chini yake: moja mara tatu, baada ya chakula.
Nilidhani ni vidonge vilivyosagika.
Nikanusa.
Kivumbasi.

Msimu wa kwanza nilizizika.
Nisemeje? Mimi ni mtu wa mahindi,
mahindi unafukia kidole kizima, unakwenda zako.
Wiki tatu nikamwagilia udongo mtupu
hapa nyuma ya nyumba, Kibosho,
migomba ikinidondoshea maji shingoni.
Yaliota magugu tu,
nayo niliyapalilia kwa adabu
nisije nikamng'oa yeye.

Ndipo Ndeshi, mtoto wa jirani, pengo mdomoni:
"Babu, umezifunika? Hizi hazifunikwi.
Bibi alikuwa anazirusha juu tu, zione."
Zione nini?
"Zione."

Bahasha ilibaki nusu.
Nikapasua dumu la mafuta ubavuni,
nikachekecha udongo mweusi wa mgombani,
mbegu nikazichanganya na ngumi moja ya mchanga wa mtoni,
nikazirusha kama atiaye chumvi asiyejua kupika,
na ndivyo nilivyo.
Maji nikayanyunyiza kwa kifuniko cha chupa
nilichokitoboa kwa msumari.
Zilipolowa zikavimba,
kila moja ikavaa ute, kama yai la chura.

Siku ya tisa, kijani.
Kidogo mno: nilivua miwani, nikaivaa tena.

Kuku walikula miche kumi na mmoja.
Saba ikapona.

Sasa ni Julai, ukungu umeshuka hadi kizingitini,
kikohozi changu kimerudi na mizigo yake yote.
Nachuma ncha, shina naliacha.
Nasugua viganjani, harufu inapanda
kama kabati la nguo zake likifunguliwa.
Sufuria, maji yachemkayo, blanketi kichwani.
Humu ndani ni giza na jasho.
Zamani alikuwa akinigonga mgongo kutokea nje:
Vuta. Bado. Vuta.
Leo najihesabia mwenyewe,
na ninaiba, naishia kumi na tano.

Mashuke yakikauka nitayapukusa
juu ya gazeti, upepo ukiwa umelala,
nirudishe mbegu kwenye bahasha ileile.
Maandishi sitayafuta.
Asubuhi, mchana na jioni,
nikishakula,
natoka kuutazama ule mche wa saba,
uliopinda.