Misumari Mitano

Jani la mndimu likiingia njano
haligeuki lote.
Mishipa hubaki kijani,
kama mito iliyochorwa
kwenye nchi iliyokauka.
Tena huwa ni jani changa, la kileleni,
la juzi tu, halijaonja hata mvua moja.

Hapa Kiomoni jembe likigonga chini
huitika kama sahani.
Ni chokaa. Ni ukoo wa jiwe lile lile
wanalolichoma kiwandani likawa saruji,
ikaenda kujenga nyumba za watu,
nasi tukabakiwa na vumbi kwenye kamba za nguo.

Nina makopo mia na arobaini ya miche:
ndimu, chenza, michungwa ya kubebesha,
nyuma ya choo, penye kivuli,
mengine yana jina la mteja kwa chaki.
Mwezi wa pili yakaanza kupauka,
kopo kwa kopo, kama watu wanaopashana habari.

Jirani yangu Kihiyo akaja na nyundo.
"Mti huu una njaa ya chuma," akasema,
"na chuma tunacho."
Akaupigilia mndimu wangu mkubwa
misumari mitano ya inchi nne.
Misumari ikashika kutu,
gome likatiririka wekundu,
jani likabaki njano.

Mimi nikaongeza maji. Ndilo nilijualo.
Asubuhi ndoo sita, jioni ndoo sita,
kutoka kisima kile kile
kinacholivika birika langu koti jeupe kwa ndani,
hata siku hizi linameza vikombe vitatu
badala ya vitano.

Semboja, bwana shamba,
alikuja na viatu vya ofisini.
Hakuanza na majani. Aliomba birika.
Akakwangua magaga kwa ukucha,
akayakamulia ndimu,
yakatoa povu, yakachemka bila moto.

"Udongo wako, Bi Nyamvula, haukukosa chuma.
Kimo humo humo, tele, kimefungiwa.
Chokaa ndiyo kufuli,
na kila ndoo unayomwaga
unaongeza kufuli jingine."

Penye miti hapana wajenzi, najua.
Sikujua kwamba na mzizi
unaweza kukaa juu ya ghala
ukafa njaa, mlango ukiwa umefungwa
na mkono uleule unaoulisha.

Nikamwonyesha mpapai, nikidhani ni mgonjwa mwenzake.
Akatikisa kichwa.
Ule majani yake ya chini ndiyo ya njano:
jani zee limejivua, limewapa wadogo
kile kidogo lilichokuwa nacho.
"Huo unataka samadi tu.
Lakini chuma hakina huruma hiyo.
Kikishakaa kwenye jani la mama,
kumfuata mtoto hakiendi."

Jioni ile Mwanasiti alirudi kutoka kliniki,
mimba ya miezi sita, viganja vyeupe,
vidonge vyekundu ndani ya karatasi.
Akajimiminia chai ya rangi, ya moto,
akatia kidonge mdomoni.
Nikamnyang'anya kikombe.
Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.
Nikampa maji, nikamkatia chungwa,
wala sikuwa na maneno ya kumweleza.

Nimeweka pipa chini ya bati.
Mvua ya kwanza ya masika haikujaza hata robo,
ya pili ikafurika usiku, nikatoka na kanga
kusogeza makopo yasiogelee.
Namwagilia kwa kikombe sasa,
nangoja udongo ukauke kidole kimoja.
Nimeuchanganya na samadi iliyoiva
na majani yaliyooza chini ya mkorosho.

Yaliyokuwa njano hayakurudi.
Nimeacha kuyatazama.
Natazama kile kichomozo,
ncha ya sindano, kijani kizito,
kwenye makopo tisini na mbili.
Yaliyobaki sijui.

Kihiyo anadai misumari yake.
Nimemwambia aje na koleo ajaribu:
gome limekwisha kuanza kuifunika.