Sumaku ya Jivuben

Jamnagar, mtaa wa Shankar Tekri,
saa moja asubuhi kontena limekwisha kutapika:
koki za bafuni, vitasa, maganda ya risasi,
mdomo wa tarumbeta uliobonyea,
na funguo, mama wee, funguo debe kwa debe.

Jivuben Nakum hukaa juu ya gunia,
sumaku kaining'iniza kwa uzi kidoleni.
"Usiiamini rangi," aliniambia siku ya kwanza.
"Chuma kikipakwa njano hujiona bibi harusi.
Kikidandia sumaku, kitupe kule."
Kinachobaki hukikwaruza kwa tupa, akanusa vumbi lake
kama mtu anayenunua bizari.

Shaba nyekundu sehemu sita, zinki karibu nne,
na risasi chembe, ili kisu cha mashine kisilie:
kanuni hiyo imebandikwa ukutani kwa Maganlal mwenye tanuri.
Zinki haina subira. Moto ukizidi hupaa, moshi mweupe,
na usiku wanaume hutetemeka chini ya mablanketi matatu.
Asubuhi homa imekwisha.
Asubuhi wamerudi.
Hilo halikubandikwa.

Bei? Hubadilika kabla chai haijapoa.
Tarumbeta na koki ya choo hupanda mzani mmoja,
na mzani hauulizi nani aliimba, nani alivuja.

Jana ulitokea ufunguo wenye utepe mwekundu,
umechorwa herufi tusizozijua, mimi wala yeye.
Jivuben akaugeuza. Akaugeuza tena.
Mlango wake uko nchi gani? Nani kasimama nje,
anapapasa mifuko, mvua inamnyeshea?
Nikadhani ataufutika kwenye pindo la sari,
kama wafanyavyo watu wa hadithini.
Akaukata utepe, akaurusha kwenye rundo.
"Gramu kumi na moja," akasema,
na utepe akafungia nywele.

Jioni nakuta tairi langu la nyuma limelala.
Nachutama, napiga pampu, jasho linanitoka.
Vali hii imechongwa karakana ya nne kutoka hapa,
ndogo, haifiki urefu wa kidole gumba.
Nachomoa mpira: tss,
halafu kimya. Imejifunga yenyewe,
imeshika ndani pumzi yote ya kunifikisha nyumbani.

Sijui zamani ilikuwa ikifungua nini.
Nakanyaga pedali.