Nusu Kidonge

Daktari Khainza alikata kidonge kwa wembe,
nusu akaifunga katika karatasi ya daftari:
"Asubuhi, pamoja na chakula. Hakitamrudishia ujana.
Kitamshika mkono tu, asipotelee mbali."

Mbwa hana mkono, nikasema. Akacheka.

Sasa naificha dawa ndani ya mukene.
Kopolo anakula, anatema, anakula tena.
Miaka kumi na minne amelinda ghala la kahawa
pale Namakwekwe, akiwajua wezi kwa nyayo;
leo anasubiri mlango ufunguke upande wa bawaba,
anabwekea ukuta saa nane usiku,
ananinusa kama mgeni aliyeleta barua.

Jirani Wamono huniuliza bei.
Nikimtajia, anapiga mluzi: "Kwa mbwa?"
Siku hizi nataja nusu ya bei,
kwani si ni nusu ya kidonge.

Sijamwambia kuhusu mama.
Yeye naye alisimama hivi, uso kwenye pembe ya jiko,
akiniita Wepukhulu, kaka yangu tuliyekwisha kumzika,
nami nikamkaripia: Nitazame vizuri!
Hatukujua kuwa ugonjwa ule una jina.
Tulisema uzee, tukafunga geti.

Wiki ya tatu. Mvua inashuka kutoka Wanale.
Kopolo amekuja mlangoni, upande wa komeo,
amesimama, ananitazama.
Labda ni dawa. Labda ni harufu ya mukene
vidoleni mwangu.
Nimefungua.