Uzi Mmoja

Semboja alipokuwa na ishirini na mitatu
gitaa lake lilikimbia kama kibaka wa Ngamiani:
sauti mia kwa pumzi moja, shati wazi,
sisi wahuni wa roki nyuma tukimfukuza,
hatukumpata.

Sasa ana hamsini na minne. Sukari. Miwani ya kamba.
Kidole cha pete hakikunjiki
tangu siku ya mashine ya katani, Ngomeni.

Jumanne, baada ya isha, tunajifungia
kwenye banda la Hoza la kuchaji betri,
amplifaya ikinuka vumbi lililoungua,
magoti yangu yakilia kabla ya ngoma.

Akagusa uzi mmoja.
Akauacha.

Tukasikia friji ya jirani,
tukamsikia marehemu Kilua, mpiga besi wetu,
pale pale ambapo angeingia.
Ndipo akagusa wa pili.

Sijui zamani tulikuwa na haraka ya nini.
Nyimbo arobaini, hakuna hata moja yenye mlango.
Hii ina mlango, na kiti.

"Tena?" nikauliza.
Akapangusa miwani kwa pindo la kanzu.
"Kidole kipoe kwanza.
Mpigie mama Zuhura, mwambie nachelewa.
Mwambie ndiyo kwanza naanza."